Mapipa Tisa

Kwenye kiwanda cha magodoro, mtunza stoo alikuwa akiitwa Bwana Kalamu kwa sababu ya mwandiko wake: herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Kwa mwandiko huo, miaka kumi na minne, ndiye aliyejaza fomu ya kemikali za hatari inayopelekwa serikalini kila mwaka.

Fomu ile haikuwa na makuu. Mna kemikali gani, mapipa mangapi. Yakifika kumi, kiwanda kinalipa ada, na nakala inakwenda zimamoto na hospitali, wajue wanapambana na nini siku mtu akidhurika. Yasipofika kumi, hamna ada wala nakala.

Stoo ilikuwa na mapipa arobaini ya ile dawa ya kuumulia sponji. Wafanyakazi waliibatiza hamira.

"Andika tisa," tajiri alimwambia mwaka wa kwanza. "Serikali ina macho, haina pua."

Tajiri akacheka, na Bwana Kalamu naye akacheka, maana kicheko cha tajiri huwezi kukiacha kining'inie peke yake. Akaandika tisa. Mwaka uliofuata tisa, na yote iliyofuata.

Kisha akamtafutia kazi shemeji yake, mdogo wa mkewe, baba wa watoto wawili na mdomo usiotulia. Akawekwa kwenye mashine ya kumimina hamira.

"Shemeji," alikuwa akimtania, "umenipa kazi ya kuwatengenezea watu usingizi, mwenyewe nikilala nakohoa!"

Kikohozi kikawa kifua cha kubana. Jumatatu hadi Ijumaa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, Jumapili nafuu, Jumatatu yale yale. Hospitalini, daktari, mama makini, alimuuliza anafanya kazi wapi. Akafungua kabati, akapekua orodha ya viwanda vyenye kemikali za hatari, ukurasa kwa ukurasa.

"Kiwanda chenu hakimo," akasema. "Basi hii ni pumu ya kawaida." Akampa dawa ya kuvuta na cheti cha kurudi kazini.

Bwana Kalamu alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini. Aliwaza kibarua chake, sahihi zake kumi na nne, jela. Akamsaidia mgonjwa kuvaa koti. Msaada wenyewe ndio huo.

Walirudi mara tatu. Mara ya nne shemeji akalazwa, midomo imebadilika rangi. Akapata ahueni, akarudi mashineni, kwa kuwa cheti kilisema anaweza na watoto hawajui kula kwa zamu.

Wiki ya kumi na moja tangu ile safari ya kwanza ya hospitali, Alhamisi, Bwana Kalamu alikwenda kwa daktari peke yake. Alisema yote akiwa amesimama.

Daktari alivua miwani. "Huyu hakutakiwa kuisogelea ile kemikali hata siku moja zaidi! Mimi namtibu jioni, asubuhi anakwenda kuivuta upya. Yuko wapi sasa hivi?"

"Zamu ya asubuhi."

Daktari akapiga simu. Kiwandani wakamjibu kuwa jamaa ameanguka, wamemtoa nje kwenye upepo, wanatafuta gari. Gari lilipatikana. Pumzi ilikuwa imeshakatika.

Tajiri alituma msibani magodoro sita ya kulalia wageni. Mapya, bado yananuka.

Siku ya tatu ya msiba mkewe Bwana Kalamu alimkuta mumewe uani, ameinamia ndoo tupu.

"Daktari alikuja kunipa pole," mke alisema. "Anasema laiti angejua habari ya mapipa mapema. Wewe ulijua lini?"

Bwana Kalamu akaigeuza ndoo chini juu.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Siku ya kwanza tulipokwenda."

Mke alimtazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa vibaya. Ndani, mjane alikuwa akiwabembeleza wanawe wale.

"Usije ukamwambia wifi yangu," alisema mwishowe. "Bado anakushukuru kwamba ulimpatia mumewe kazi. Mwache na hilo. Kujua nitabaki nako mimi."