Siku Niliyosema Paja Mbele ya Mama Mkwe

Nina makovu mawili. La tumboni mmeliona nikivua shati, la pili sitakuja kumwonyesha mtu, lakini leo nalisema hata mkicheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, mpunga unaiva kule Idete, nami nashinda juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti shambani, nafukuza ndege. Mke wangu alikuwa amejifungua majuzi tu, mama yake akaja kumsaidia, na mchana ule ndiye aliyeniletea chakula. Nilipomwona anakuja nikaona aibu kukaa juu ya kichwa cha mkwe, nikashuka haraka haraka, nikateleza, nikakalia mti uliochongoka (ndiyo, uliingia pale pale mnapopafikiria).

Akauliza, "Umeumia wapi, baba?"

Nikasema pajani. Ningesema wapi mbele ya mkwe?

Nikala ubwabwa nimesimama. Jioni tumbo likakaza, homa ikapanda, na yule mama hakuuliza tena, ananitazama tu, nami nikaanza kumshuku, maana mtu asiyeuliza kuna kitu anacho moyoni. Nikasema huyu ananiona mlevi, anapanga kumrudisha binti yake kwao.

Asubuhi nikapakiwa kwenye lori la mpunga, nimelalia ubavu, mpaka hospitali mjini Ifakara, na mkwe yuko pembeni yangu. Daktari akauliza, nikasema paja. Akafunua paja, zima kabisa, halafu akaniangalia kwa jicho la kuniona mwongo. Hapo nikamwona mama mkwe amemvuta nesi kando, ananong'ona, na nesi anageuka kunitazama. Nikajua nimekwisha, nasemwa.

Mara mkwe akaombwa atoke nje. Daktari akavaa glovu, akanilaza upande, akapima kwa kidole, kidole kikatoka na damu. Akaniambia taratibu kwamba mti umetoboa mwisho wa utumbo mpana, uchafu unaingia mwilini, na nikichelewa nakufa. Watanipasua, watatoa utumbo ubavuni mwa tumbo, haja itokee huko kwenye mfuko mpaka chini papone, kisha wataurudisha. Na yeye nikamshuku, nikamwuliza mara tatu kama kweli utarudishwa. Nikakubali kwa sababu ya mtoto, hata jina nilikuwa sijampa.

Nikaamka na mfuko. Mke ana kichanga nyumbani, sasa nani wa kunibadilishia? Mkwe. Nesi akamfundisha, naye akafanya kazi ile huku mimi nimejifunika shuka usoni. Siku moja akaniambia, akiangalia dirishani, "Nilikuona ulivyoangukia, baba. Kukutamkia nilishindwa, ndiyo maana nikamwambia nesi."

Nililia ndani ya shuka.

Baada ya miezi utumbo ulirudishwa, mambo yanapita njia yake kama yenu. Mkwe bado namwinamishia macho. Lakini nikiumia sasa napataja mahali penyewe kwa jina lake, awepo mkwe, awepo shekhe, awepo padri, kwa sababu siku ile mimi na yule mama tulikuwa tunaheshimiana huku mimi nakufa.