Kibonge cha Kuonjea

Siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwa mama mkwe wangu, wifi yangu alinivuta nyuma ya mlango wa stoo akanipa somo la ndoa ambalo mama yangu mzazi alisahau kunipa. "Wifi, hapa ukipewa, kula. Ukiulizwa, sema tamu. Usiongeze neno, hata la kusifia, maana atakuuliza kwa nini jana hukusifia." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama mkwe alipika miaka ishirini na sita katika kantini ya kiwanda cha nguo, wafanyakazi mia tatu kila mchana, sufuria ambazo ungeweza kumwogeshea mtoto. Walimwita Kamanda, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alipostaafu walimpa cheti na mashine ya chuma ya kusagia nyama, ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza na kuzungusha kwa mkono. Cheti sijui kiko wapi. Mashine ilikaa juu ya kabati ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyeruhusiwa kuizungusha ila yeye. Kazi yangu ilikuwa kuiosha.

Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu mpole wa kupitiliza. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao aliwahi kusema chumvi imezidi. Kamanda aliiondoa sahani mbele yake, akaimwaga kwenye ndoo ya taka, na kwa siku kumi na moja hakumsemesha. Baba mkwe alinisimulia kisa hicho kwa kunong'ona, huku akipiga randa na kucheka peke yake. "Mkwe wangu, siku ya kumi na mbili nilikuwa nimejifunza neno moja tu, na limenitunza miaka thelathini na minane. Tamu." Nasi sote tukalijifunza. Tulikuwa nyumba ya waoga, nasema wazi, na mimi nilikuwa mwoga kuliko wote, kwa sababu nilisikia.

Jumapili ile tulikuwa tunasubiri watu tisa mezani. Mama alianza mchuzi asubuhi. Nyanya alizichanja msalaba kwenye kitako, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka, akazimenya zikiwa bado zinaunguza vidole. Kitunguu saumu alikikaanga kwenye mafuta ya zeituni mpaka kikaanza tu kubadilika rangi. "Kikiungua, mchuzi unanuna," alisema. Kisha nyanya, chumvi, majani ya mrehani, na moto mdogo kabisa. Sufuria ikawa inatoa povu moja moja, polepole, kama mtu anayewaza jambo asilotaka kulisema.

Halafu ikaja zamu ya nyama. Mimi nilikata vipande, yeye akavisukuma kwenye mdomo wa mashine na kuzungusha. Katikati ya kazi mashine ikalia, kak! Mkono wa mashine ukagoma. Akauegemea kwa bega, ukapita. Nilipoinua macho nilikuta ya kwake yameshanifikia.

"Nini?"

"Hapana, mama. Nyama nzuri."

"Gegedu hiyo," akasema, ingawa sikuwa nimeuliza. Akaendelea kuzungusha.

Gegedu hailii vile. Nimekata nyama tangu nikiwa msichana, najua. Lakini nikaendelea na kisu changu.

Mama alichanganya nyama na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, mayai, pilipili manga na kitunguu saumu. Alilowesha viganja, akaviringisha kibonge cha kwanza, akakikaanga peke yake. Hiyo ilikuwa kanuni ya kantini: kabla hujaviringisha vingine, kimoja lazima kionjwe. Nyumbani mwonjaji alikuwa Baba. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni, kisahani magotini, uma mkononi, na Kamanda akasimama mbele yake ameshika kiuno.

Baba akatia kibonge chote mdomoni. Akatafuna. Taya likasimama. Niliona ulimi ukitafuta kitu ndani ya shavu, niliona jicho lake likienda kwenye ndoo ya taka iliyokuwa kando ya miguu ya mkewe, likarudi. Akameza kwa nguvu, shingo ikavutika.

"Tamu, mama."

"Chumvi?"

"Tamu kabisa."

Tukaviringisha vilivyobaki, hamsini na kimoja, vikakaangwa na kuingia kwenye mchuzi. Harufu ilijaa nyumba nzima. Wifi akafika na familia yake, mume wangu akaanza kupanga viti. Mimi nikaibeba mashine hadi kwenye sinki, nikafungua sahani yenye matundu, nikatoa kisu, kile chenye mabawa manne. Mabawa matatu yalikuwa mazima. La nne halikuwa na ncha. Ilikuwa imeondoka kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, na pale ilipokatikia chuma kiling'aa kipya.

Nilisimama pale maji yakimwagika bure. Nitakwambia nilichokiwaza, nawe uniseme unavyotaka: niliwaza atasema mimi ndiye niliyekivunja. Mezani wanasubiri watu tisa, mimi nahesabu siku nitakazonuniwa! Kisha nikamsikia mtoto wa wifi anauliza kama chakula kiko tayari, nikafunga bomba.

"Mama, kisu kimekatika."

Aligeuka na mwiko mkononi. "Umekiangusha?"

"Sijakiangusha. Kililia ulipokuwa unasaga. Nilisikia."

Kamanda ninayemjua angenirushia mwiko. Alikichukua kisu, akakipitishia kidole gumba, akazima jiko. Alitandaza sinia mbili, akapakua vibonge vyote, na mimi na yeye tukaanza kuviponda kwa uma, kimoja kimoja, kutafuta kile kipande. Mchuzi tukaupitisha kwenye chujio. Wifi alichungulia, akaona nyama imesambaa, akarudi sebuleni kimya kimya kama alivyofunzwa. Tulifika hamsini. Tulifika hamsini na kimoja. Hapakuwa na kitu.

"Unaona?" Kamanda alishusha pumzi. "Kimeangukia sakafuni. Chukua ufagio."

"Mama, kile cha kuonjea."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Mzee! Kile kibonge, ulikuta kitu ndani?"

Jibu lilikuja pale pale, limezoea njia. "Tamu, mama."

Nilitoka na kisu mkononi, nikapiga magoti mbele ya kigoda nikamwonyesha palipokatika. Baba alikitazama kama anavyotazama msumeno uliopoteza jino. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji, na mkono wake wa kushoto ulikuwa tumboni. Sijui ulikuwa pale tangu lini.

"Nilidhani ni mfupa," akasema taratibu.

Mume wangu aliendesha gari. Njiani Baba alikunja magoti kwenye kiti cha nyuma, akawa anaguna kila tulipopita kwenye tuta, na baada ya kila mguno akituomba radhi.

Hospitalini walipiga picha. Kile kitu kilionekana cheupe, kidogo, kikiwa kimekaa kimshazari. Daktari aliuliza, "Mzee, ulipokuwa unakula ulihisi kitu kigumu?"

Baba alimtazama mkewe kwanza. Daktari alilazimika kumwambia, "Nakuuliza wewe." Na hata hapo alisubiri Kamanda aitikie kwa kichwa ndipo akasema ndiyo. Daktari akasema utumbo umeshatoboka, na umri nao si rafiki, lazima afanyiwe upasuaji sasa hivi.

Wakati kitanda kinasukumwa, Kamanda alishika chuma cha pembeni, muuguzi akasimama.

"Mzee. Niambie ukweli. Chumvi ilikuwaje?"

Baba akajibu, "Ilizidi, mama."

"Leo tu?"

"Siku nyingi."

"Nitapunguza," akasema. "Rudi, nitapunguza." Kitanda kikapita, mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Viatu vya Baba vilikuwa mapajani mwa Kamanda, vina vumbi la mbao. Baada ya muda mrefu aliniuliza, bila kunitazama, "Ulisikia tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alijua. Alitikisa kichwa, akawa anafuta vumbi kwenye kiatu kwa ncha ya khanga, kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha akarudia cha kwanza.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alitoka akivua barakoa, akaangalia chini, akatafuta maneno. Kamanda aliinuka, viatu mkononi.

"Usinitafutie neno tamu, mwanangu," akamwambia. "Sema."