Sala ya Chakula, Gombani

Watu husema "mama mchungaji" kana kwamba ni cheo. Mume wangu hakuwa mchungaji. Alikuwa mwanafunzi wa uchungaji, na mimi nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha kidato cha nne, binti wa miaka minne, mtoto mwingine mgongoni, na masanduku mawili ambayo nilikuwa bado sijayafungua mpaka chini. Chuo chao cha theolojia hakimbariki mtu kuwa mchungaji mpaka apite fildi, yaani mazoezi ya vitendo. Unapelekwa mahali, unakaa miezi, msimamizi anakuja kukutazama, anajaza fomu, unahamishwa. Tulianza kwenye hospitali moja bara, yeye akiombea wagonjwa. Tukapelekwa usharika wa wakulima wa pamba, ambako binti yangu aliugua malaria mara tatu. Ya mwisho ikawa Pemba.

Hakuna aliyeniuliza. Barua ilisema aende "yeye na familia yake". Mimi ndiyo familia yake.

Niseme na langu mapema, ili msomaji ajue nilikuwa nagombania nini. Nilikuwa na nafasi kwenye chuo cha ualimu. Nilishaiahirisha mara mbili, mara moja kwa ajili ya hospitali, mara ya pili kwa ajili ya pamba, na mara hiyo ya pili mkuu wa chuo aliniandikia kwamba hakuna ya tatu: nisiporipoti muhula unaofuata, anapewa mwingine. Chuo hicho kiko mji uleule kilipo chuo cha mume wangu. Kwa hiyo akipita Pemba, tunarudi mjini amalizie masomo, tunapewa nyumba ya wanafunzi wenye ndoa, mimi naingia darasani. Asipopita, basi. Kwenda peke yangu haikuwezekana, bwenini hawapokei watoto na mmoja nilikuwa bado namnyonyesha.

Tulipanga vyumba viwili Gombani, nyuma ya uwanja wa mpira. Waumini walikuwa wachache, karibu wote watu wa bara waliohamishiwa kikazi: polisi, wanajeshi, walimu, wauguzi wawili. Mume wangu alizunguka kisiwa chote kuwafuata. Alhamisi alikwenda Mgogoni kusali na mwalimu mmoja na mkewe, akarudi jioni amechoka kama aliyelima, anasema, "Mungu ni mwema, mke wangu." Mimi nimechota maji, nimefua, nimepika, nimenyonyesha, na hakuna aliyeniuliza mimi namwonaje huyo Mungu.

Jirani yetu alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye kila mtu mtaani alimwita Bi, na mimi nikamwita hivyohivyo. Siku tuliyohamia alikuja na bakuli la muhogo wa nazi.

"Mmetoka pande gani?"

Nikamwambia.

"Ah! Babu yangu mie katoka huko huko kwenu. Kaja kuchuma karafuu, akanogewa, hakurudi tena." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Weye usije ukanogewa."

"Sinogewi, Bi."

"Alisema hivyo hivyo."

Asubuhi binti yangu alikuwa na watoto wenzake wa kucheza nao. Shida ilikuwa alasiri. Ikifika saa hiyo, watoto wote mtaani wanaoga, wanavaa, wanakwenda madrasa, na mtaa unabaki mtupu. Kanisa halikuwa na chekechea. Lilikuwa na shule ya Jumapili yenye watoto sita, na mwalimu wake nilikuwa mimi, kwa sababu mama mchungaji hufundisha shule ya Jumapili, hayo hayajadiliwi. Siku nyingine zote mtoto alikaa barazani kuwatazama wenzake wakipita, analia. Si kulia kwa deko. Alilia mpaka anatapika. Wiki mbili.

Bi akachoka kabla yangu. "Mtoto huyu mnamliza bure. Mwache ende na wenziwe."

"Bi, sisi Wakristo."

"Najua nyie Wakristo. Jumapili mnaimba mpaka kuku wangu hawatagi. Nimesema nini mie? Ende akae na wenziwe. Mwalimu wao mke wa mdogo wangu, hana neno. Akichoka atarudi."

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri sana, nikapiga magoti, nikaomba mwongozo. Nilifikiri muda wa kukamua nepi mbili. Kisha nikasema, "Haya."

Bi alikata leso yake nyeupe iliyochakaa, akamshonea ushungi. Mtoto akaondoka ameshikwa mkono na mjukuu wa Bi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mdogo wake alikuwa amelala. Nilikaa kitandani sikujua la kufanya na mikono yangu. Kesho yake nikatoa daftari zangu za hesabu za kidato cha nne kutoka chini kabisa ndani ya sanduku, nikaanza kujikumbusha. Zikawa ndizo saa zangu. Msimu wa karafuu ulipoanza, nikimaliza hesabu natoka kwenda kuchambua karafuu na Bi, kunyofoa vikonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi, tukisengenya watu wote.

Mume wangu sikumwambia. Nilisema anacheza kwa Bi. Lakini Ijumaa moja alirudi mapema, akakuta ule ushungi umeanikwa kwenye kamba, katikati ya mashati yake mawili. Nilikuwa mlangoni, namwona. Aliutazama. Akatoa shati moja, akatoa la pili, ushungi akauacha. Akaingia ndani akaniuliza kama kuna chai.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua, na kwamba hataki kujua.

Mtoto alinenepa. Alianza kusema kama watoto wa pale, "mie sitaki", "n'ache". Alijifunza kukaa, kungoja zamu yake, kuhesabu herufi kwa vidole. Nyumbani nilimfundisha sala yetu ya chakula, fupi, tunasimama, tunafumba macho, "Yesu bariki chakula hiki". Alizijua zote mbili, ya madrasa na yetu, na hazikumpa tabu. Waliopata tabu ni watu wazima.

Msimamizi alikuja mwezi wa saba. Mume wangu alihubiri vizuri Jumapili ile, simnyimi haki yake. Baada ya ibada wakaja kwetu kula: msimamizi mwenyewe, mzee wa kanisa ambaye alikuwa sajenti wa polisi, na mke wa sajenti, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke anayenusa kila sufuria kabla ya kusalimia. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Nazi alinikunia Bi, sinia kubwa ni la Bi, na mkeka pia wa Bi, kwa sababu meza yetu ilitosha watu wawili. Tukakaa chini, tukazunguka sinia.

"Na huyu binti," msimamizi akasema, "si atatuombea chakula?"

Mume wangu akatabasamu mpaka masikioni. "Ataomba, Mchungaji. Tuombee, mama."

Sala yetu mtoto aliijua ya kusimama. Kukaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa, watu wazima wanakungoja usome, kwake hiyo ilikuwa madrasa. Wote wakafumba macho. Mimi sikufumba, nilikuwa nachunga mdogo wake asiingize mkono kwenye mchuzi. Nikamwona anafungua viganja vyake viwili. Nikajua. Hata kumfinya sikuwahi.

"Bismillahi," akaanza, na akaendelea, Alhamdu yote, kwa ile sauti ya kuvuta, anajitikisa kidogo, hakukosea popote. Mwisho akavuta "Aaamin", na watu wote pale, msimamizi, sajenti, mkewe, mume wangu, wakaitikia kwa nguvu, kwa mazoea ya miaka yao yote kanisani:

"Amina!"

Ndipo wakafumbua macho.

Nilicheka. Sikukusudia. Kilitoka tu, kama kikohozi.

"Mama mchungaji," alisema mke wa sajenti, "ndiyo haya mnayotufundishia watoto Jumapili?"

Msimamizi aliinua mkono kumnyamazisha. Akamwuliza mtoto kwa upole, "Umeomba vizuri. Nani kakufundisha?"

"Bi Mwalimu. Na nyengine najua. Nisome?"

"Inatosha, mama. Kula." Kisha akamgeukia mume wangu. "Ndugu, ulikuwa na habari?"

Mume wangu alikuwa anamtazama samaki. "Mimi nashinda kazini, Mchungaji. Mama yake ndiye anayeshinda naye."

Nimeolewa na mtu huyu kanisani, mbele ya watu. Nimemzalia wawili. Nimemfuata hospitali na pamba na kisiwani. Sikuwahi kumchukia mpaka sentensi ile.

"Ushungi wa mtoto ulianikwa pamoja na mashati yako," nikasema. "Uliyatoa mashati mwenyewe."

Sajenti akakohoa. Nikamgeukia msimamizi, kwa sababu nilishaanza.

"Mchungaji, mnatuleta huku na watoto. Kuna chekechea? Kuna mtu aliuliza watoto watashinda wapi? Huyu alilia wiki mbili. Waliomchukua ni hao majirani."

"Mama, mimi sikulaumu."

"Basi usiandike."

"Nina wajibu wa kuandika nilichokiona."

"Umeona mtoto anayejua kuomba."

"Yarabi!" mke wa sajenti akasema, akajishika mdomo. Hata yeye kisiwa kilikwisha kumwingia.

Wakala. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, walikula vizuri, msimamizi akaongeza wali. Walipoondoka, mume wangu alisimama mlangoni akaniambia, "Ungenyamaza."

"Wewe ungesema."

Fomu yenyewe niliiona baadaye, nakala aliyopewa mume wangu. Mahubiri: vizuri sana. Ibada: vizuri. Kuwatembelea waumini: vizuri sana. Mwisho kabisa kuna sehemu inaitwa Familia ya Mtarajiwa. Mimi sikujua ipo. Yeye alijua, alikuwa na fomu tangu mwaka wa kwanza. Hapo msimamizi alikuwa ameandika kwa mkono kwamba nyumba haijasimama katika imani, mke ana maneno makali mbele ya wageni, na kwamba ingefaa mtarajiwa arudie mazoezi kwenye usharika mkubwa ambako familia itasaidiwa kukua. Chuo kikakubali. Arudie.

Siku jibu hilo lilipofika, mume wangu alisema mtoto aache madrasa. Nilimwambia aende yeye akaseme. Hakwenda. Nikaenda mimi kwa Bi, nikamweleza yote, yuko chini anapepeta mchele.

"Kwani mtoto kakosa nini?" akauliza. "Kamshukuru Mungu, kala."

"Ndivyo ilivyo, Bi."

"Nyie watu wa bara mna karatasi ya kila kitu." Akapepeta tena kidogo, kisha akaweka ungo. "Sikutaka kukuharibia, mwanangu. Wallahi sikutaka."

"Hukuniharibia wewe, Bi."

Nilisema kweli, lakini haikusaidia. Tangu siku ile hakumwita tena mtoto wangu, aliogopa kutuongezea makosa. Bakuli zilikuja, yeye hakuja. Alasiri watoto walipita kama kawaida, na mjukuu wake akaelekezwa apite upande wa pili wa njia. Binti yangu alisimama mlangoni na ushungi wake mkononi, ananiuliza amefanya nini. Nilimwambia hajafanya kitu. Basi kwa nini haendi? Nikafunga mlango, nikatia komeo, tukakaa ndani na joto letu.

Chuo cha ualimu nilikipigia simu kwa simu ya muuguzi mmoja. Akapokea karani.

"Dada, muhula unaanza Jumatatu. Unaripoti au huripoti?"

Nikaanza kumweleza, mume, mazoezi, kurudia.

"Dada, nakuuliza hilo moja tu."

"Siripoti."

"Haya, asante," akasema, na nikasikia anageuza karatasi.

Sasa tuko mahali pa nne. Ni bara, usharika mkubwa, kengele, kwaya tatu, chekechea yenye sare ya bluu. Kila kitu ambacho fomu ilitaka. Binti yangu anakwenda chekechea asubuhi na hana shida, hana raha pia, anakwenda tu. Mwalimu wake aliniita wiki iliyopita kuniambia kwamba zamu yake ya kuombea uji ikifika hafungui mdomo. Wenzake wote wanaomba, yeye anakaa na mikono chini ya mapaja, anangoja wamruke. Nyumbani vilevile. Tukisema tuombe, kwanza ananitazama mimi, kuona ni ipi isiyo na hatari. Simsukumi. Baba yake anasema ni jambo la kupita.

Leo asubuhi amekaa mezani anajaza fomu mpya, sehemu ya utangulizi, ile ambayo mwanafunzi hujaza mwenyewe kabla msimamizi hajaja. Mimi nilikuwa namlisha mdogo, nikasoma juu ya bega lake. Jina la mke, amejaza. Elimu ya mke, amejaza. Panapoulizwa kazi ya mke akasita kidogo na kalamu, nikadhani ataniuliza. Akaandika: hana. Akaendelea na idadi ya watoto. Nikampangusa mtoto uji kidevuni, nikamwongeza kijiko kingine.