Majani ya Marehemu

Mimi Laurentine nikikasirika naongea, na habari ya Nzigire bado inanikasirisha. Basi mnivumilie.

Nzigire alikuwa jirani yangu hapa Shively, Kentucky, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mwanamke kutoka milima ya Walungu, mfupi, mikono migumu. Kwao alilima mihogo na maharage kwenye mteremko ambao hata mbuzi anauogopa. Vita vikamfukuza, akalima kambini Burundi pembeni ya hema. Wahudumu wa wakimbizi wakamleta Kentucky, wakampa kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee. Mwanamke wa jembe, jamani, anafua mashuka! Hakulalamika. Kitu kimoja tu alikichukia: ngazi.

Mume wake Bagula alipooza, anatembea kwa kushika ukuta. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ghorofani, na mzee wa watu jua alikuwa analiona dirishani tu. Walipopata hii nyumba ya chini, mlango wake uko sawa na ardhi, Bagula alitoka peke yake, akakaa kwenye kiti uani, akalia. Sisi tukaimba.

Nyumba ni ya Charlotte, bibi mmoja Mmarekani, mjane. Yeye alishahamia kwa binti yake kule Gahanna, karibu na Columbus. Binti alitaka iuzwe, bibi akakataa kwa sababu ya majani. Usicheke! Yale majani mbele ya nyumba aliyapanda marehemu mume wake kwa mikono yake, kipande kwa kipande, mpaka yakawa mazito kama godoro. Charlotte akamwambia Nzigire kupitia mkalimani: mkiyatunza majani ya mume wangu, mtakaa hapa, yakiharibika, nitamwacha binti yangu auze. Donc, yaani, Bagula kutoka nje au kutotoka kulitegemea majani.

Baridi ikaingia. Majani ya marehemu yakakauka yote, yakawa rangi ya mkate. Mwezi wa pili, katikati ya ule ukavu, vikatokea vitu vya kijani. Kimoja kina vimaua vya zambarau. Kingine kinatambaa chini na vinyota vyeupe. Kingine ni chembamba, ukikivunja kinanuka kitunguu. Nzigire akaniita mbio.

"Laurentine, kuya uone! Ndani ya baridi yote hii, iko vitu inaishi!"

Kile cha kitunguu alikipikia maharage. Yalikuwa matamu, siwezi kukataa.

Siku zile zile Charlotte akapiga simu. Kiingereza cha Nzigire ni "yes" na "sorry" basi, na changu ni ndugu yake. Kwa bahati alikuwepo Marcellin, kiongozi wa kwaya yetu, amemleta Bagula kutoka kanisani. Marcellin hujisifu kwa Kiingereza chake. Akachukua simu, amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, maana alikuwa anachelewa kazini. Bibi aliongea muda mrefu. Marcellin akajibu "okey, okey". Kisha akatutafsiria kwa pumzi moja.

"Bon. Anasema mu baridi inatokeaka majani mubaya. Uing'oe mbele ya kutoa maua, juu ya mbegu yake isianguke. Majani muzuri usiiguse."

"Mubaya ni gani?" Nzigire akauliza.

"Aah, mama! Si utaona? Mubaya ni mubaya."

Akaondoka.

Sasa nisikilizeni. Wenye Kiswahili cha vitabu wana magugu na wana nyasi. Sisi tuna majani. Ya ng'ombe ni majani, ya chai ni majani, hata bangi ni majani. Na kwetu kilichokauka kimekufa: unalima, unakusanya, unachoma. Nzigire akaona mabaya ni ule ukavu, aung'oe kabla haujatoa maua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wiki ya kwanza yenye joto kidogo, Nzigire alishika jembe. Akitoka kazini, hata chai hanywi, anainama. Aling'oa ule ukavu wote na mizizi yake iliyosukana kama mkeka. Kila kitu cha kijani alikizungukia taratibu, kama anapalilia maharage. Bagula kwenye kiti chake anamtia moyo: "Usiache muzizi hata moja, mama!" Walikuwa na furaha, mimi niliwaona. Yale maua ya zambarau yakatapakaa mbele ya nyumba, na Nzigire akafikiri ameshinda.

Mwisho wa mwezi wa nne, ng'ambo ya barabara, kwa jirani ambaye marehemu alimgawia vipande vya majani yake, ule ukavu ukaanza kuwa kijani kutoka chini. Nzigire akanivuta mkono mpaka kando ya barabara.

"Laurentine, ile yake ilikuwa imekufa. Ulionaka na macho yako."

"Nilionaka."

"Sasa nani ameifufua?"

Kisha jua likawa kali, na vile vimaua vyake, vile alivyovibembeleza, vikageuka manjano vikalala chini vyenyewe. Kumbe ndivyo vilivyo, joto linavimaliza bila jembe la mtu. Mbegu za vimaua vile zilikuwa zimeshamwagika. Tukanunua mbegu za majani dukani, tukamwaga, ndege wakala. Ukabaki udongo mtupu.

Charlotte alikuja na binti yake. Aliposhuka garini alikwenda moja kwa moja kwenye ule udongo, akaanza kuongea. Marcellin tulikuwa tumemwita atafsiri, jasho linamtoka.

"Anasema... haikukuwa imekufa. Ilikuwa inalala tu. Kila mwaka inalalaka."

"Alikuambia ile siku ya simu?" nikamuuliza.

Akaangalia viatu vyake. "Alisema kitu ya kulala. Nilizani anaongelea bwana yake."

Wallahi, mimi Mkristo, lakini kandambili yangu ilitaka kuruka! Nzigire akanishika mkono. Akamwambia Marcellin: "Umuambie nilifanya na nguvu yangu yote."

Marcellin akasema. Bibi akalia, akamkumbatia Nzigire, akasema neno fupi.

"Anasema anaona," Marcellin akatafsiri.

Binti hakulia. Nyumba ikauzwa.

Nyumba za chini tulitafuta mpaka tukachoka. Waliyopata iko juu, ngazi nyembamba yenye kona. Wanaume wa kwaya walimbeba Bagula na kiti chake, Marcellin mbele, wakampandisha wakihema. Walipomweka chini, akawauliza ni nani atakuja kumshusha. Mmoja akasema yeye ana zamu kazini. Mwingine akasema watapanga. Wakaomba, wakashuka. Tangu siku ile Bagula hajashuka.