Laptop Inayofunguka

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mdogo wangu Teodora aliponivuta mkono twende sokoni Ifakara kununua laptop. Mwaka ule ndio nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, na sitakuficha, nilirudi kwa kishindo. Wenzangu walirudi na redio na miwani ya jua. Mimi nilirudi na diploma ya elektroniki niliyoisomea jioni, mchana nikibeba mizigo, bila ndugu serikalini wala mtu wa kunishika mkono. Nyumba hii ya hapa Lumemo unayoiona, yenye madirisha ya vioo, ni jasho langu. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu mashine, tega sikio. Silisemi kwa kusikia.

Teodora alikuwa amefiwa na mumewe, na watoto wake walikula kutokana na steshenari yake ndogo karibu na stendi. Alichapa barua na kupiga picha za pasipoti, lakini kilichowalisha hasa ni mitihani. Walimu wakuu wa bondeni, kuanzia Michenga hadi Chita, walimletea mitihani ya muhula aichape na kuitolea nakala. Sasa laptop yake ilikuwa imekufa, na muhula ulikuwa ukingoni. Asingetimiza kazi ile, shule zingehamia kwa jirani yake, na shule ikishahama hairudi. Duka lingefungwa. Hilo alilijua yeye, na mimi nililijua.

Muuzaji, kijana mchangamfu, alitutolea laptop nyembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Teodora akaipenda palepale. Mimi nikaipindua.

"Kaka, hii inatazamwa kwa mbele," akasema muuzaji. "Kioo kiko mbele."

"Ikiumwa nayo inatibiwa kwa mbele?"

"Hii haiumwi. Mpya kabisa."

"Hata wewe ulizaliwa mpya," nikamwambia, "na juzi nimekuona zahanati."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Lakini mimi sikuwa natania. Tumboni mwa mashine ile hamkuwa na skrubu hata moja. Betri ilikuwa imegandishwa kwa gundi ndani kwa ndani, na kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi. Ikiharibika hapa, tiba yake iko Dar, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Hebu fikiri, mwanangu: ni nani katika bonde hili anayenunua jembe lisilotoka mpini? Dukani tunanunua chuma peke yake. Mpini tunaukata wenyewe porini, na ukivunjika katikati ya palizi tunakata mwingine, kazi inaendelea. Mtu mwenye akili hiyo shambani, akifika kwenye duka la kompyuta akili anaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Nikachagua nyingine, ya mtumba, nene, mgongo wake umejaa skrubu, betri yake inachomoka kwa kubonyeza tu.

"Kaka, si tofali hili?" Teodora akanung'unika.

"Tofali ndilo lijengalo nyumba," nikamjibu, nikalipia kabla hajabadili mawazo.

Tukaja kwenye mfumo wa kuiendesha. Siku hizo mashine nyingi za mjini zilitumia mifumo ya kunakiliwa kwa magendo, isiyo na leseni, na kila flashi iliyochomekwa iliacha kirusi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nikamwekea Linux, mfumo ambao wenyewe waliouandika wameuacha wazi: unauchukua bila kumwomba mtu, unampa mwenzako bila kuiba, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Hadi hapo nilikuwa sahihi, na hata leo niko sahihi.

Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Linux ina sura nyingi. Kuna zenye picha na vitufe, mtu yeyote anabonyeza na kuendelea na kazi yake. Na kuna zile za mafundi, kioo cheusi ambacho lazima ukiandikie amri kwa herufi. Nikamwekea ya kioo cheusi. Ilikuwa nyepesi, ya haraka, na nakwambia kweli, watu waliokuja kutoa nakala walisimama nyuma yangu wakinitazama kama padri yuko altareni. Nikamwonyesha Teodora amri chache, akatikisa kichwa kukubali, nami nikapanda treni kwenda Chita, ambako nilikuwa nimeitwa kufunga mashine ya kutolea nakala.

Kesho yake simu ikaita.

"Kaka, mwalimu mkuu wa Michenga yuko mbele yangu. Flashi yake nimechomeka. Mtihani uko wapi?"

"Andika ile amri niliyokuonyesha."

"Nimeandika. Inasema haiijui."

"Uliacha nafasi katikati?"

"Nafasi gani tena? Kaka, mwalimu anachungulia duka la jirani!"

Mtandao ukakatika. Nikaacha vifaa vyangu kwa mwenyeji na kuwahi treni.

Nilipofika, Teodora alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono mapajani, macho mekundu. Mwalimu mkuu alikuwa bado yupo, na aliyemzuia ni mjomba Kalisti, kaka wa mama yetu. Mjomba alikuwa fundi mstaafu wa reli, shati limepigwa pasi, mtu mwenye maringo kunishinda hata mimi. Alikuwa amemkalisha mwalimu kwenye benchi kwa soda na hadithi za injini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bwana Diploma. Kabla hujakaa, niambie: jembe ulilompa dada yako, mpini wake uliukata kwa kimo cha nani?"

Wewe uliyekulia bondeni unajua kwamba mpini haukatwi hivihivi. Unamsimamisha mlimaji, unapima kwa kimo chake na kiganja chake, ndipo unashika panga. Mpini wa mtu mrefu humvunja mgongo mtu mfupi, hata kama chuma ni kikali namna gani.

"Mjomba, mfumo ule ni mzuri, nilidhani..."

"Ulidhani dada yako ni wewe. Chuma nimekikagua, sikulaumu. Kinafunguka, hata mimi ningekinunua. Mpini ndio umejikatia wa kwako. Kata mwingine upesi, maana hadithi zimeniishia."

"Bado ile ya daraja, mzee," mwalimu akadakia.

"Ile nimekuhadithia mara mbili, mwalimu, na mara zote mbili ulisinzia."

Mimi sirudiwi neno, mwanangu. Hiyo ni moja ya sifa zangu. Mkobani nilikuwa na flashi yenye Linux ya picha na vitufe, na maandishi yake nikayageuza kuwa ya Kiswahili. Kwa kuwa mfumo ni wazi, sikuhitaji kibali wala namba ya siri kutoka ng'ambo. Mwalimu alikuwa hajamaliza soda yake ya pili, kazi ikawa imekwisha. Nikanyoosha mkono nifungue ule mtihani.

"Mikono nyuma," akasema mjomba.

Ile ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya bondeni: kusimama nyuma ya mtu anayejifunza bila kumgusia kibodi. Teodora akachomeka flashi. Picha ya flashi ikatokea kwenye kioo. Akaibonyeza, akasita, akabonyeza tena, na hesabu za darasa la sita zikafunguka mbele yake. Akatafuta alama ya printa, akaipata mwenyewe. Karatasi ya kwanza ikatoka.

"Kumbe ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu."

"Sasa kaka, siku zote hizi ulikuwa unanificha nini?"

Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. Kabla jua halijazama aliondoka na mafurushi ya mitihani nyuma ya pikipiki, na kabla ya wiki kwisha shule nyingine zikaleta za kwao. Duka halikufungwa. Msimu uliofuata, vumbi la pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa karibu liliziba kibodi, na Teodora akazilegeza skrubu mwenyewe, akapachika kibodi ya mashine nyingine iliyokufa. Alinipigia simu kunisimulia tu. Hakuomba msaada. Watoto wake wote amewasomesha kwa duka lile.

Basi mwanangu, haya ndiyo maneno yangu. Ukienda kununua mashine, usione haya kuipindua mbele ya watu. Tafuta skrubu. Uliza betri inatokaje, uliza kifaa cha kubadilisha kinapatikana wapi, na wakikucheka wacha wacheke, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chagua mfumo ulio wazi, usije ukafanya kazi maisha yako yote kwa hisani ya mtu usiyemjua. Lakini ukimchagulia mwenzako, mama yako, dada yako, mwalimu wako, usimchagulie ili akushangae. Mchagulie kile atakachokiweza siku ambayo wewe haupo. Kisha weka mikono nyuma umwache ajaribu. Mimi nina diploma na nyumba ya vioo, na bado hilo ndilo ninalojivunia kuliko vyote.

Mungu akupe macho yasiyodanganywa na mng'ao, na mikono isiyoogopa kufungua. Watu uwafundishe hadi wasikuhitaji, kisha wakupende hivyohivyo. Kazi yako isikwame kamwe mlangoni kwa mtu mwingine, mwanangu, na mlango wako usiwe kikwazo kwa kazi ya mtu. Amina.