Fundi Sikio

Pale gatini, fundi wa injini wa boti kuukuu ya mizigo aliitwa Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Enzi zake alikuwa akipita tu juu ya sitaha, injini inanguruma chini, anasema valvu imelegea. Wakifungua, wanaikuta imelegea kweli. Kisha injini ileile, kwa kumpigia makelele miaka nenda miaka rudi, ikayala masikio yote mawili. Jina likabaki.

Aliyejua ni mkewe tu. Kazini Sikio alisikiliza kwa meno: aliuma mpini wa bisibisi, ncha akaigusisha kwenye injini, na mtikisiko ukampanda tayani ukimweleza nozeli ipi inavuja, beringi ipi imekwisha. Wenzake waliona huo ndio ufundi wa juu. Binadamu, kwa kuwa hawasikilizwi kwa bisibisi, aliwawekea majibu: "Hewala," "Itafaa," na mambo yakiwa mazito, kutikisa kichwa taratibu. Mwanamke mwenye boti alimwona mtu mwenye busara sana.

"Mwambie mwenye boti ukweli, baba watoto," mkewe alimsihi.

"Fundi kiziwi anaajiriwa na nani?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe akasema, na safari hiyo methali ikawa taarifa tu.

Siku moja mwenye boti alishuka chumba cha injini, mashine ikiwaka, akazungumza kwa kirefu. Sikio akamtazama midomo, akaokota neno "mpya", akadhani ni lile chujio la dizeli aliloomba.

"Itafaa, mama," akasema. Mama akamkazia macho kidogo, kisha akapanda ngazi.

Wiki iliyofuata Sikio alifika gatini akaikuta injini yake inaning'inia kwenye winchi, inadondosha oili. Kando yake, ndani ya sanduku la mbao, ilikuwapo nyingine mpya. Akasimama mdomo wazi. Mwenye boti akamsogelea, akapaza sauti usoni kwake ili winchi isimshinde; safari hii Sikio aliisoma midomo yote.

"Mbona unashangaa, fundi? Si nilikuuliza? Tuitoe tuweke mpya, au bado ina uhai? Mimi nilitaka ibaki. Ungesema ina uhai, nisingegusa hata skrubu. Wewe ukasema mpya itafaa."

Ilikuwa na uhai. Juzi tu aliipima kwa meno akaikuta nzima. Angetamka "sikusikia", winchi ingeirudisha chini, halafu yeye ndiye angeondoka. Lakini mtu akiamua kufa na tai shingoni hailegezi mbele za watu.

"Niliisikia inachoka, mama," akasema.

Wapagazi wakatazamana. Sikio hakosei, wakaambiana.

Jioni alimsimulia mkewe yote. Mkewe akavuta kigoda, akamkalia mbele, uso kwa uso.

"Sasa si ungesema tu hukusikia?"

Hilo alilisikia kwa macho, neno kwa neno.

"Unasemaje?" akauliza.