Jina la Mbwana Juu ya Tangi

Nakumbuka vyema jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya asubuhi ile, mwanangu, na ni haki uyajue kwanza, kwani anayesimulia tukio bila chanzo chake amekupa tunda bila kukuonyesha mti. Nyumba yetu ya Kigombe ilikuwa imebaki na watu wawili, mama na mimi. Kaka yangu Mbwana, aliyekuwa akichukua abiria na matenga ya samaki kwenda Tanga mjini, alikuwa amefariki kwa homa. Pikipiki yake nyekundu ikawa yangu, nami nikawa naipanda kila siku kwenda kufundisha Tongoni. Juu ya tangi palikuwa na stika nyeupe, herufi zake zimeungana: MBWANA.

Kwetu mwenye pikipiki hujulikana kwa stika yake kabla ya sura yake. Basi kila jioni nilipoingia kijijini watoto walipaza sauti, "Mbwana! Mbwana kaja!" Na mama, kabla akili haijamrudia, alikuwa ameshainuka na kupakua ugali wa muhogo katika bakuli la kaka. Kisha husimama nalo mkononi, asijue aliweke wapi. Mimi nilikula katika bakuli langu, macho chini. Upweke wa watu wawili, mwanangu, huenda ukawa mzito kuliko wa mmoja, kwa kuwa kila mmoja humwonea mwenziwe haya ya kulia.

Nikaazimia kuibandua stika ile. Asubuhi ya siku ya mapumziko niliiweka pikipiki uani, nikashika wembe. Sefu, rafiki wa marehemu na dereva mwenziwe, akapita, akasimama.

"Mwalimu, unainyoa?" alicheka. "Mwagia petroli usugue, dakika moja tu!"

"Petroli kaoshee miguu yako, Sefu," mama alisema kutoka mlangoni. "Ina ukoga kushinda hiyo stika."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na usicheke."

Mama akaja hadi nilipochutama, akaupokea wembe mkononi mwangu.

"Hata nywele za mtoto mchanga hazinyolewi kavu," alisema taratibu. "Wewe wataka kumtoa mwanangu kwa wembe mkavu? Itoe, nami nataka itoke. Lakini itoke nzima."

Mama akaingia jikoni kuinjika maji. Sefu akaenda kwao, akarudi na kipande cha uzi wa mshipi, ule mwembamba wa kuvulia.

Tukafanya hivi. Tuliliosha tangi kwa sabuni, ili mchanga usije ukakwaruza rangi. Kifuniko cha mafuta tulikikaza, na moto tuliuacha mbali, jikoni. Nikalaza juu ya stika kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, nikakibadilisha kila kilipopoa, mpaka gundi ikalegea. Nikainua pembe kwa ukucha, nikaikunja stika nyuma juu ya yenyewe na kuivuta polepole, karibu ilale juu ya tangi. Palipogoma hatukulazimisha; tulirudia maji ya moto, kisha Sefu akaupitisha uzi chini yake, huku na huku, kama akatavyo mtu kipande cha sabuni. Ikatoka nzima. Mama aliipokea kwa viganja viwili, akaenda kuibandika ndani ya kifuniko cha kasha lake.

Gundi iliyosalia tuliipaka mafuta ya nazi, tukaiacha ilainike, tukaipangusa kwa kitambaa laini na kuosha. Na hapo, mwanangu, tukaona tusilolitazamia. Jua lilikuwa limelipausha tangi lote isipokuwa pale stika ilipokuwa imekaa. Jina lilisomeka bado, sasa kwa wekundu mbichi: MBWANA.

Sefu aligeuka akatazama ukuta. Nikamwambia mama kwamba ningelipaka rangi upya. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya moja.

"Acha," alisema. "Cha kutoka kimetoka."

Umeniambia umenunua pikipiki iliyotumika, yenye jina la mtu usiyemjua, na kwamba utalikwangua kwa kisu. Nasaha yangu ndiyo hii. Lainisha kwanza, ndipo uvute; na pakigoma, rudi kwenye maji ya moto, usirudi kwenye nguvu. Kisu na petroli vitakula rangi, na rangi iliyoliwa ni maji yaliyomwagika. Likibaki umbo la jina, usilichukie. Ni jua lililopita kwa mwingine kabla hujafika wewe. Vivyo hivyo kwa mwenye msiba: usimng'oe kwenye huzuni yake, mpashe moto kwanza, naye ataachia kwa wakati wake. Mwenda pole hajikwai. Mola akulinde barabarani, akujaalie pa kurudia na mtu wa kukusikia ukirudi.

Ama sisi, kesho yake jioni niliingia kijijini, na watoto wakaita, "Mbwana kaja!" kama kawaida yao. Mama aliinuka, akapakua katika bakuli la kaka. Hakusimama nalo. Aliliweka mbele yangu, nami nikala. Tangu siku ile bakuli hilo likawa langu. Mama naye ameshatangulia, nami ndilo ninalolia chakula hadi leo, peke yangu.